Ile herufi A kwenye chaja yako: maisha ya André-Marie Ampère



Mpendwa kijana mwenzangu, hebu chukua chaja ya simu yako uigeuze nyuma. Kuna maandishi madogo sana ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Yatafute. Utakuta 5V, halafu pembeni 1A au 2A. Hiyo V inatokana na jina la Alessandro Volta, Mkatoliki wa mji wa Como, Italia, aliyetangaza betri yake ya kwanza mwaka 1800. Hiyo A inatokana na jina la André-Marie Ampère, naye Mkatoliki, wa Lyon, Ufaransa. Leo nataka nikusimulie huyu wa pili, na nina sababu yangu.

Sisi tunaofanya ufundi wa redio, simu na sola huku Malolo, Ruangwa, na wenzetu wa Nachingwea, wengi tumejifunza kwa kuona. Unakaa na aliyekutangulia, unaangalia mikono yake, kesho unafanya kama yeye. Hii imeungua, badilisha. Ile imelegea, chomea risasi. Inalipa, siwezi kudanganya. Lakini inafika siku kitu kinakuja mezani ambacho mkono wa mwalimu wako haukuwahi kukigusa mbele yako, na hapo ndipo unapoanza kuotea.

Mimi siku yangu ilikuwa msimu mmoja wa ufuta. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniletea betri ya sola. Taa zake za nyumbani zilikuwa zinawaka kidogo halafu zinafifia. Nikaweka mita kwenye betri, ikasoma volti 12 na ushee. Nikamwambia betri ni nzima, paneli ndiyo imechoka. Akaniamini, kwa sababu mita ilikuwa mkononi mwangu na sio mkononi mwake. Akauza ufuta, akanunua paneli mpya, tukafunga. Jioni giza likawa lilelile. Betri ndiyo iliyokuwa imekufa. Paneli ya zamani haikuwa na ugonjwa wowote.

Kosa lile lilikuwa limeshapatiwa maelezo mwaka 1820, na mtu niliyekuwa nalitaja jina lake kila siku dukani bila kujua kuwa ni jina la mtu.

André-Marie alizaliwa Lyon tarehe 20 Januari 1775, akakulia kijijini Poleymieux, nje kidogo ya mji. Baba yake, Jean-Jacques, alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Tusimfananishe na mtoto wa Malolo kwa kila kitu, maana nyumbani kwao hela ilikuwepo na vitabu vilikuwepo. Ila shule hakwenda. Baba alikuwa na imani kwamba mtoto ajifunze kwa kiu yake mwenyewe, akamfungulia kabati la vitabu na kumwachia. Mama yake alikuwa mcha Mungu sana, na malezi ya dini nyumbani hayakuwa ya mzaha.

Inasimuliwa kwamba kabla hajajua kuandika namba alikuwa anafanya hesabu kwa kokoto. Alipougua, wakubwa wakamnyang'anya zile kokoto ili apumzike. Akapewa biskuti baada ya siku kadhaa za kufunga chakula, naye badala ya kuila akaivunjavunja vipande, akaendelea na hesabu. Mzazi yeyote atakwambia huyu mtoto hana akili timamu au anazo nyingi mno.

Baadaye akasoma Ensaiklopidia kubwa ya Wafaransa, juzuu baada ya juzuu, kwa kufuata alfabeti. Kisha akakwama. Alitaka vitabu vya hesabu vya Euler na Bernoulli vilivyokuwa maktaba ya Lyon, lakini vilikuwa vimeandikwa Kilatini. Hakurudi nyumbani kulalamika kwamba lugha ni ngumu. Alijifunza Kilatini, akarudi. Na kwenye zile hesabu za juu, aliyemshika mkono alikuwa padri mmoja wa Lyon, Padri Daburon. Sisi watu wa kusini hilo halitushangazi sana. Pale Ndanda Wabenediktini walijenga karakana pamoja na kanisa na hospitali, na fundi wengi wa huku ukiwauliza walijifunzia wapi, hawamalizi hadithi bila kutaja misheni.

Mwenyewe alipokuwa mtu mzima alihesabu matukio 3 yaliyotikisa ujana wake: Komunyo ya Kwanza, kusoma sifa za mwanafalsafa Descartes, na kuanguka kwa gereza la Bastille mwaka 1789. Angalia alichoanza nacho.

Lakini hayo Mapinduzi aliyoyafurahia yakaja kugonga mlango wa nyumba yao. Baba alikuwa hakimu wa amani mjini Lyon. Mwaka 1793 mji uliasi dhidi ya serikali ya Paris, ukazingirwa, ukashindwa, na waliokuwa na vyeo wakaanza kufikishwa kwenye mashine ya kukatia vichwa. Novemba mwaka ule baba yake akauawa. Kabla ya kufa alimwandikia mke wake barua, na ndani yake alisema kuhusu kijana wao kwamba hakuna jambo kubwa asilolitegemea kutoka kwake.

Kijana alikuwa na miaka 18. Akanyamaza. Kwa muda wa mwaka na zaidi hakusoma, hakufanya hesabu, hakuongea vya maana na mtu. Alikuwa anatembea tu, anaangalia mbingu, anarundika mchanga. Waliomwona walidhani ameharibika moja kwa moja. Kilichomrudisha ni kitu kidogo: mimea. Alikutana na maandishi kuhusu mimea, akaanza kuokota majani na maua, kisha mashairi ya Kilatini, na taratibu akarudi kuwa mtu. Nimeliweka hili kwa ajili ya mmoja wenu ninayejua anasoma hapa na amefiwa mwaka huu. Yule mtu mkubwa wa sayansi alikaa mwaka mzima hafanyi kitu.

Halafu kuna hadithi ya miwani. Ampère alikuwa haoni mbali, lakini hakujua kuwa haoni, maana hakuwahi kuona vinginevyo. Inasimuliwa kwamba siku moja safarini alijaribu miwani ya msafiri mwenzake, na kwa mara ya kwanza akaona vilima na mto jinsi vilivyo. Akalia. Mimi nilipoelewa vizuri volti na ampea sikulia, lakini nilikaa kimya kwenye kigoda muda mrefu.

Akampenda binti aitwaye Julie Carron, wakafunga ndoa mwaka 1799, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume wakampa jina la babu yake. Maisha yalikuwa magumu. Mwaka 1802 alipata kazi ya kufundisha fizikia na kemia mji wa Bourg, Julie akabaki Lyon akiwa mgonjwa. Waliandikiana barua. Mke alimsihi asiunguze nguo kwa asidi za maabara, maana nguo zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Wanandoa vijana mnaoishi mbalimbali kwa sababu ya kazi, mnaijua hali hiyo.

Huko Bourg aliandika kijitabu ambacho natamani kibandikwe kwenye kila kibanda cha kubeti kutoka Lindi hadi Nachingwea mjini. Alitumia hesabu kuonyesha kwamba mchezaji kamari anayecheza bila kuacha, hata kama mchezo wenyewe ni wa haki kabisa, akipambana na wenye pesa nyingi kuliko yeye, mwisho wake ni kufilisika. Hakusema kuna uwezekano wa kufilisika. Alionyesha kwamba ni lazima. Hiyo ni mwaka 1802, na ni mchezo wa haki anaouzungumzia. Mikeka yetu ya Jumamosi hata hiyo haki haina.

Julie alifariki Julai 1803. Mtoto hajafika hata miaka 3. Siku ile Ampère aliandika kwenye daftari lake sala fupi, akimwomba Mungu wa huruma amkutanishe mbinguni na wale aliomruhusu kuwapenda duniani. Mwaka uliofuata, pamoja na marafiki zake wa Lyon, wakaanzisha kikundi kidogo cha vijana wa kujadili imani ya Kikristo, kama sisi tunavyokaa VIWAWA baada ya Misa, kila mmoja anapewa mada anaitafuta kisha anaileta. Yeye alipewa kuandika juu ya sababu za kuuamini Ukristo.

Sasa hapa nisikufiche. Mwishoni mwa 1804 alihamia Paris kufundisha hesabu, na huko ile imani ikaanza kuyumba. Alizungukwa na wanafalsafa, upweke ulimkaba, akaoa tena mwaka 1806 na ndoa hiyo ikavunjika vibaya kabla hata mtoto wao wa kike, Albine, hajazaliwa. Kuna miaka aliishi katika mashaka mazito. Yule aliyekuwa ameandika sababu za kuamini, sasa sababu zake mwenyewe zilikuwa hazimtoshi. Marafiki wa Lyon hawakumwacha. Waliendelea kumwandikia. Na kabla ya ule mwaka mkubwa wa 1820 alikuwa amerudi Kanisani, akiungama na kupokea kama zamani. Nimewahi kusikia vijana wakisema kwamba anayeuliza sana maswali lazima ataacha dini. Huyu aliuliza maswali hadi kaburini.

Twende kwenye umeme.

Septemba 1820 habari ilifika Paris kutoka Denmark. Mtu aitwaye Oersted alikuwa ameona kwamba waya uliounganishwa na betri ukipita karibu na dira, sindano ya dira inageuka. Jamani, leo tunaona kawaida, lakini wakati ule umeme ulikuwa kitu kimoja na sumaku kitu kingine, kila kimoja na kitabu chake. Wataalamu wengi wa Paris hawakuamini. Arago, rafiki yake Ampère, aliwaonyesha jambo lenyewe kwenye Chuo cha Sayansi tarehe 11 Septemba. Ampère alikuwa na miaka 45, anajulikana kwa hesabu na kemia, umeme haikuwa fani yake. Akaenda nyumbani, na tarehe 18, yaani wiki moja, akarudi na matokeo yake ya kwanza. Tarehe 25 akaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: nyaya mbili zilizolala sambamba, umeme ukipita upande mmoja zinavutana, ukipita pande tofauti zinasukumana. Hakuna sumaku yoyote hapo. Ni waya na waya.

Alifanya majaribio hayo nyumbani, kwenye meza, vifaa akivigharimia kwa kiasi kikubwa mfukoni mwake. Na hakuwa na mikono mizuri, tuseme ukweli. Alikuwa haoni vizuri, anasahau mambo, vitu vinamponyoka. Fundi ndiye aliyemtengenezea vifaa. Hilo nalipenda kulisema kwa wale wanaodhani ufundi ni wepesi wa vidole tu. Vidole vyepesi tunavyo wengi.

Alichofanya ndani ya zile wiki ndicho kingemwokoa yule mama wa jumuiya yetu. Watu walikuwa wanasema tu umeme, umeme, kama vile ni kitu kimoja. Ampère akatenganisha mambo mawili. La kwanza ni ule msukumo unaokaa kwenye ncha za betri hata kama hujafunga kitu. Huo tunauita volteji. La pili ni mkondo, yaani umeme unapotembea kweli ndani ya waya, saketi ikiwa imefungwa. La kwanza unaweza kuliona betri ikiwa imekaa peke yake mezani. La pili halipo kabisa mpaka ufunge njia, na likiwepo ndilo linalogeuza sindano ya dira. Hata kile kifaa cha kupimia mkondo kwa sindano yeye ndiye aliyekipa jina la galvanomita. Mita yangu ya mshale pale dukani ni mjukuu wake.

Umeona sasa kosa langu? Nilipima msukumo wa betri iliyokaa bure, nikadhani nimepima nguvu yake ya kufanya kazi. Ni kama simtanki la maji lililoinuliwa juu. Urefu wake unaniambia maji yanasukuma kiasi gani, huo ndio msukumo, lakini kama bomba limejaa kutu ndani, ukifungua koki yatatoka matone. Betri iliyochoka ukinzani wake wa ndani umekuwa mkubwa. Bila mzigo inasoma 12 vizuri tu, inakudanganya usoni. Funga taa, pima tena taa ikiwa inawaka, utaiona inashuka hadi 9 au 8 huku unaangalia. Kipimo chenyewe hakina gharama. Kinahitaji taa moja na kujua kwa nini.

Ukitaka kuona alichokiona Ampère, huhitaji maabara. Chukua sindano ya kushonea, isugue upande mmoja mara nyingi kwenye sumaku ya spika mbovu, ininginize kwa uzi ikae sawa na itulie. Chukua betri kubwa ya tochi na waya. Laza waya juu ya sindano ukifuata urefu wake, gusisha ncha za waya kwenye betri kwa sekunde moja tu, sio zaidi, maana waya unapata moto. Sindano itageuka. Kisha geuza betri, ncha hii iende kule. Itageukia upande mwingine. Nilifanya hivyo na vijana watatu wa parokia, mmoja akaomba turudie mara sita.

Jambo jingine alilonifundisha ni subira ya kutenga sababu. Alipotaka kujua mkondo unafanya nini kwa sindano, aliona kuna nguvu nyingine inamvurugia: dunia yenyewe inaivuta sindano. Basi akatengeneza kwanza namna ya kuiondoa hiyo nguvu ya dunia, ndipo akaona sindano inakaa msalaba kabisa na waya. Fundi wangapi tunapokea redio yenye matatizo matatu tunayapima yote kwa pamoja? Tunabadilisha kapasita, transista na swichi siku moja. Redio ikipona hatujui nini kiliiponya, na isipopona hatujui pa kuanzia.

Akaviringisha waya kama chemchemi ya kalamu, akaonyesha kwamba koili yenye mkondo ina tabia za sumaku. Jina solenoidi ni lake pia. Ndani ya spika kuna koili kando ya sumaku, mkondo unabadilika, koili inacheza, karatasi inasukuma hewa, unasikia kwaya. Rilei ni hiyo hiyo. Kile kitu kinacholia tak unapobonyeza stata ya bodaboda ni hicho hicho. Akasema hata sumaku ya kawaida ni sumaku kwa sababu ndani yake kuna mikondo midogo inayozunguka ambayo macho hayaioni. Wengi walimcheka kwa hilo. Na mwaka uleule wa 1820 alishapendekeza kwamba sindano na nyaya zingeweza kutumika kutuma herufi kwa mtu aliye mbali. Hakuijenga hiyo simu ya maandishi, wengine waliijenga baadaye.

Kazi yake kubwa, hesabu nzima ya jinsi mikondo inavyovutana, ilichapwa mwaka 1826. Alisema nadharia yote imetolewa kwenye majaribio peke yake. Halafu, na hapa ndipo nampenda zaidi, mwishoni akakiri kwamba baadhi ya vifaa alivyovichora kitabuni alikuwa hajapata muda wa kuvitengeneza. Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

Kuna alipokosea pia, na kosa lenyewe ni kubwa. Mwaka 1822, akiwa Geneva, jaribio lake moja lilimwonyesha mkondo ukizaa dalili ya mkondo mwingine kwenye pete ya shaba iliyokuwa karibu bila kugusana. Aliona. Akaandika kidogo, akapita, kwa sababu wakati ule akili yake ilikuwa inatafuta jambo jingine. Mwaka 1831 Michael Faraday wa London, kijana wa zamani wa kujalidi vitabu aliyejisomea vitabu alivyokuwa anavishona, akalikamata jambo hilo lenyewe, na kutoka hapo tukapata jenereta na transfoma. Wawili hao walikuwa wanaandikiana barua. Faraday aliwahi kumkiria kwamba hesabu zake zinampiga chenga. Mmoja alikuwa na hesabu na mikono mibaya, mwingine ana mikono ya ajabu na hesabu kidogo.

Novemba 1831 akafika Paris mwanafunzi wa sheria wa miaka 18, kijana wa Lyon, Frédéric Ozanam. Hana ndugu mjini, amepanga pabaya, ana upweke. Akaenda kumwamkia Ampère kama mtu wa nyumbani kwao. Mzee akamkaribisha akae kwake, na Ozanam akaishi katika nyumba ile karibu miaka 2. Wakati huo Ampère alikuwa anapanga sayansi zote za binadamu katika mfumo mmoja mkubwa, na kijana alimsaidia kuandika. Wakiwa katikati ya kazi hiyo, mzee angeacha ghafla na kuanza kuzungumza juu ya ukuu wa Mungu.

Inasimuliwa kwamba siku moja Ozanam, akiwa na mashaka yake mwenyewe juu ya imani, aliingia kanisa la Saint-Étienne-du-Mont. Kwenye kona akaona mtu amepiga magoti na Rozari. Akasogea. Alikuwa Ampère. Hawakuongea. Kijana akapiga magoti nyuma yake.

Tarehe 23 Aprili 1833, Ozanam na wenzake wachache wakaanzisha kile tunachokiita leo Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Tarehe 22 Agosti 1997, mbele ya vijana waliokusanyika Paris kutoka dunia nzima, Papa Yohane Paulo II akamtangaza Ozanam kuwa Mwenyeheri. Ampère hajatangazwa chochote na Kanisa. Yeye alibaki na altare ya mafundi, ile herufi A.

Miaka yake ya mwisho haikuwa laini. Albine aliolewa na mlevi, akarudi nyumbani na vurugu zake. Mshahara ulitegemea kazi ya ukaguzi wa shule, ikambidi azunguke nchi nzima akiwa mgonjwa. Akafia safarini, Marseille, tarehe 10 Juni 1836, akiwa na miaka 61. Inasimuliwa kwamba kitandani mtu alitaka kumsomea kurasa za Kumfuasa Yesu Kristo, na mgonjwa akamwambia asijisumbue, kitabu hicho anakijua kwa moyo. Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa dunia walikutana Paris, wakakubaliana kwamba kipimo cha mkondo kiitwe ampea.

Kuhusu yule mama. Nilikwenda kwake na taa, mita na kipande cha waya. Nikaifunga betri mbele yake na watoto wake, nikamwonyesha 12 ikishuka hadi 8, nikamweleza kwamba paneli haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ile paneli ya zamani bado inafaa. Nikamwambia inafaa. Tukakubaliana kwamba nusu ya bei ya betri mpya nitailipa mimi wakati wa korosho, na paneli ya zamani tukaifunga kwa mwanae anayeanza maisha. Deni limebaki kidogo.